Mafuta ya risasi kwa baruti nyeusi: tatizo si risasi, tatizo ni masizi

MzingaWaSikonge (Denver, Colorado)

Habari za muda huu wakuu. Wadau watatu wamenifuata faragha na swali moja: "Mkuu, wewe risasi zako unazipaka mafuta gani?" Kila nikianza kujibu najikuta naandika gazeti, kwa hiyo naliweka hapa jukwaani, wengine nao wachangie na kunisahihisha.

Kwa asiyefahamu, nazungumzia mchezo wa shabaha kwa bunduki za kizamani, zile zinazotoa moshi mweupe mpaka unashindwa kuona risasi imeangukia wapi. Yangu ni ya .45-70, kipenyo ambacho jeshi la Marekani lilianza nacho mwaka 1873. Inaingia risasi moja moja kwa nyuma. Risasi nasubu mwenyewe kwa madini ya risasi niliyochanganya na bati, sehemu 20 kwa 1. Kiswahili kimetupa neno moja kwa madini na kwa kitu chenyewe, mtanielewa kwa muktadha.

Mwaka juzi nilikwenda kwenye mashindano Raton, New Mexico, viwanja vya Whittington. Pale tunapiga sanamu za chuma: kuku mita 200, nguruwe mita 300, bata mzinga mita 385, kondoo dume mita 500. Kuku unampiga umesimama wima bila egemeo. Hao wengine unaketi au unalala, mtutu umelala juu ya fito mbili zilizofungwa msalaba.

Kuku walikwenda vizuri. Nguruwe pia. Nilipofika kwa kondoo mambo yakaharibika. Risasi ya kwanza ikapita juu ya mgongo. Ya pili ikatimua vumbi mbele ya miguu. Ya tatu ikaenda kushoto nusu mita. Baruti ni ile ile, nimeipima kwa mizani, upepo umetulia, na mimi sijabadilisha kitu. Ilikuwa saa saba mchana, jua kali, hewa imekauka mpaka midomo inapasuka.

Mzee mmoja aliyekuwa ananisomea darubini akasema, "Chukua kitambaa kikavu, kipitishe." Nikakifunga kwenye ufito, nikakisukuma kuanzia nyuma. Kikateleza vizuri kabisa mpaka kikabakiza kama shubiri moja kufika mdomoni. Hapo kikakwama. Nikakaza mkono, kikapita kwa kukwaruza, sauti ile ile ya mwiko unapokwangua ukoko chini ya sufuria ya wali. Kilipotokeza kilikuwa kimechanika upande mmoja na kimebeba unga mkavu wa kijivu. Huku nyuma ya mtutu masizi yalikuwa meusi, laini, yana unyevu. Kule mbele ni ukoko mtupu.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo nilikuwa nimelisoma miaka bila kulielewa. Mafuta tunayopaka risasi ya baruti nyeusi kazi yake kubwa si kuiteleza risasi. Kazi yake ni kulainisha masizi ya risasi iliyotangulia.

Baruti nyeusi ni shura (potasiamu naitreti), makaa na kiberiti (salfa), kwa kawaida 75, 15 na 10 kwa mia. Ikiungua, zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki hewa. Inabaki kitu kigumu, chumvi chumvi za potasiamu na kaboni, na sehemu yake inang'ang'ania ndani ya mtutu. Chumvi hizo hupenda maji. Kukiwa na unyevu zinakuwa kama uji. Zikikosa unyevu zinakauka zikawa ukoko, na kila risasi inayofuata inabandika tabaka jipya juu ya la zamani. Risasi laini ikipita juu ya ukoko inachubuka, na risasi iliyochubuka haiendi ulikoituma.

Kwa hiyo ukichagua mafuta usiulize kwanza yanateleza kiasi gani. Uliza yatafika mwisho wa mtutu yakiwa bado yapo? Na hewa ya unakopigia ni kavu au ina unyevu?

Mafuta yangu ya siku ile yalikuwa na nta nyingi mno. Niliogopa joto la gari, nikaongeza nta ili yasiyeyuke. Hayakuyeyuka kweli, lakini yakawa magumu na machache, na yaliisha kabla risasi haijafika mdomoni.

Sasa hivi kwa hapa Colorado naweka hivi, kwa uzito: nta ya nyuki sehemu 5, mafuta ya kondoo 4, mafuta ya zeituni 1. Kiangazi kikikaza napunguza nta iwe 4 na kuongeza lanolini 1, ile inayotokana na sufu ya kondoo. Mafuta yasiwe na chumvi ya jikoni, maana chumvi ni kutu.

Yeyushia kwenye bakuli lililokaa ndani ya sufuria ya maji ya moto, kamwe usiweke moja kwa moja juu ya moto. Nta huyeyuka karibu nyuzi 63 tu za Selsiasi, haina haja ya fujo. Ukiona inatoa moshi, umeshakosea.

Nitaendelea. Karibuni.

---

FundiMtutu (Houston, Texas)

Mkuu umeandika vizuri, ila nikupe upande wa pili. Mimi hapa Houston unyevu wa hewa ni ule wa Dar mwezi wa tatu. Napiga risasi 20 mfululizo kwa mafuta ya kawaida kabisa ya dukani, sipitishi kitambaa, na mtutu uko laini. Mafuta yako yenye lanolini nilijaribu mwaka jana kwa maelekezo yako, ganda zikaanza kuwa na utelezi, vumbi linanata, mikono imejaa girisi. Kwangu yamezidi.

Halafu mbona hujawaambia watu njia rahisi? Mpitishie kitambaa chenye maji kila baada ya risasi, basi. Mafuta yanakuwa jambo dogo.

---

MzingaWaSikonge

Kaka Fundi, sikupingi hata kidogo, umeithibitisha hoja yenyewe. Hewa yako inakufanyia nusu ya kazi. Ndiyo maana mtu akisema "mafuta fulani ndiyo bora duniani" mimi namuuliza anaishi wapi.

Kuhusu kupitisha kitambaa: inafanya kazi, na wengi wa wanaoshinda kwa risasi za kuzungushiwa karatasi hufanya hivyo kila risasi. Lakini inataka uwe na mpangilio usiobadilika. Kitambaa kikiwa na maji mengi leo na machache kesho, risasi nazo zitatofautiana. Na saa inakwenda. Kuna njia ya katikati, ya kupuliza pumzi kupitia mrija uliochomekwa nyuma ya mtutu. Pumzi ya binadamu ina unyevu na ina joto, inalegeza masizi. Mimi hapa napuliza mara tano au sita, polepole, kutoka tumboni. Ukipuliza kwa pupa unatoa hewa kavu tu ya mdomoni.

Hakikisha tu bunduki iko wazi na tupu kabla hujainama nyuma yake. Hili sirudii.

---

BintiShela (Columbus, Ohio)

Assalaam aleikum ndugu zangu. Mimi na mume wangu tumeanza mchezo huu mwaka huu, tuna bastola ya vyumba sita ya kupakia kwa mbele na bunduki moja ya risasi ya duara. Swali langu ni la dhati. Maelekezo mengi ya Kimarekani yanataja mafuta ya nguruwe. Mengine yanasema "mafuta ya mnyama" tu bila kusema mnyama gani. Mimi sitaki kuyashika, wala kuyayeyushia kwenye jiko langu. Kuna ninachokosa nikiyaacha?

---

MzingaWaSikonge

Waaleikum salaam dada. Hukosi chochote, nakuhakikishia kwa kazi ya mikono yangu. Mafuta ya nguruwe yaliingia kwenye maelekezo yale kwa sababu yalikuwepo jikoni kwa kila mkulima wa huku, si kwa sababu yana sifa ambayo mengine hayana. Mafuta ya kondoo kwangu ni bora zaidi, ni mazito na yanavumilia joto. Nenda bucha la halali, waombe yale mafuta meupe ya kuzunguka figo, mara nyingi wanayatupa au wanakupa kwa bei ya chini. Yakate vipande vidogo, yeyusha na maji kidogo kwa moto mdogo, chuja kwa kitambaa, acha yagande, kisha ondoa yale machafu ya chini. Rudia mara mbili. Yatakuwa meupe na hayatanuka sana.

Kama hutaki mafuta ya mnyama kabisa, iko mchanganyiko unaojulikana sana huku: nta nusu kwa nusu na mafuta ya mimea, yaani Crisco (mafuta magumu ya kupikia) sehemu 4 na mafuta ya kanola 1 kwa kila nta 5. Huo ni wa mimea na nyuki tu. Kwa unyevu wa Ohio utakutosha.

Cha dukani soma lebo, na isiposema mnyama gani, waandikie barua pepe kabla hujanunua.

---

MzeeWaMakavazi (Mombasa)

Wanangu, nimepita nikakuta mazungumzo haya na swali la binti yangu wa Shela limenigusa, kwa sababu swali hilo hilo liliwahi kutikisa dola.

Mwaka 1857 Wahindi waliokuwa askari wa Kampuni ya India ya Mashariki ya Waingereza walikuwa wanaletewa bunduki mpya ya Enfield, muundo wa 1853. Risasi yake ilikuja imefungwa ndani ya karatasi pamoja na baruti, na sehemu ya karatasi ile imepakwa mafuta. Kwa mazoezi ya wakati ule askari alikuwa anairarua karatasi kwa meno, anamimina baruti, kisha anashindilia risasi kwa mdeki. Uvumi ukaanza Januari, Dum Dum, karibu na Kalkuta, kwamba mafuta yale ni ya ng'ombe na nguruwe. Mhindu kwa ng'ombe, Muislamu kwa nguruwe, na kitu kinawekwa mdomoni. Tarehe 29 Machi, kambi ya Barrackpore, askari mmoja, Mangal Pandey, akawashambulia maofisa wake. Tarehe 24 Aprili kule Meerut, wapanda farasi 85 kati ya 90 walikataa kuzipokea risasi. Wakafungwa pingu mbele ya wenzao tarehe 9 Mei. Kesho yake wenzao wakawafungua, na vita vikawaka kuelekea Delhi.

Angalieni hili: zile risasi za Meerut zilikuwa za aina ya zamani waliyoizoea, lakini kufikia hapo imani ilikuwa imekwisha vunjika, hapana ofisa aliyeweza kusema neno likasadikika. Serikali ilibadilisha mazoezi, ikaruhusu karatasi iraruliwe kwa vidole, na askari wapake mafuta yao wenyewe. Ilikuwa imechelewa. Hasira zilikuwa na sababu nyingine nyingi, ardhi, mishahara, dini, wala sitaki mtu aseme mafuta peke yake yalileta vita. Lakini aliyeandika "mafuta ya mnyama" bila kusema mnyama gani alifanya kosa ambalo binti yetu ameligundua kwa dakika moja.

---

BintiShela

Shikamoo mzee. Nimesoma mara mbili. Ahsante sana.

---

MzeeWaMakavazi

Marahaba mwanangu.

Niongeze moja la huku kwetu, maana naona hakuna aliyeligusa. Waingereza baadaye wakaingia na bunduki ya Martini-Henry, na ndani ya ganda lake, kati ya baruti na risasi, waliweka kisahani cha nta ya nyuki. Nta tupu. Risasi yenyewe ilizungushiwa karatasi, uzito wake greni 480 (greni ni kipimo kidogo cha uzito), baruti greni 85. Na upande wa Wajerumani, askari wao wengi mwaka 1914 walikuwa bado na Mauser ya 1871, ya baruti nyeusi. Pale Tanga, Novemba ya mwaka ule, kila walipofyatua wingu lilisimama juu ya vichwa vyao likaonyesha walipo. Ushindi wakaupata hata hivyo, na nyuki wa mashambani waliochokozwa na risasi wakawauma askari wa Uingereza vibaya sana.

---

Kazimoto_Mpanda (Katavi)

Wakuu nipo siti ya mbele. Babu yangu alikuwa na gobore, alikuwa anashindilia baruti, kisha matambara, kisha marisau, kisha matambara tena. Sikumbuki mafuta kabisa. Je, gobore nalo linataka mafuta? Lipo nyumbani bado, limening'inizwa, lina kutu. Nilikuwa nafikiria kulifufua.

---

MzingaWaSikonge

Ndugu yangu wa Katavi, nianze na mwisho. Usilifufue. Gobore lililokaa kwenye moshi wa jikoni miaka 30 hujui chuma chake kimebaki na unene gani, hujui kama kuna chaji iliyosahauliwa ndani. Wapo waliopoteza vidole na macho kwa namna hiyo. Na kumiliki kwake kunaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, leseni inahitajika. Kabla hujaligusa nenda kituo cha polisi ukiwa mikono mitupu, waeleze, waje wao walichukue au wakuelekeze.

Kuhusu swali lenyewe: gobore halina mifereji ya kuizungusha risasi ndani ya mtutu, na marisau hayakazani na kuta. Kwa hiyo masizi hayana mahali pa kuharibu shabaha kama kwetu. Tatizo lake lilikuwa kushindilia. Baada ya kufyatua mara kadhaa mdeki haushuki. Nilikua Sikonge, na nilimwona mjomba akiyatemea mate matambara kabla ya kuyasukuma ndani. Hakuna aliyemfundisha kemia, lakini alikuwa anafanya kazi ile ile ya mafuta, kuyapa masizi unyevu. Huku Marekani wapiga risasi za duara wanafanya hivyo hivyo mpaka leo, wanauweka mdomoni ule mviringo wa kitambaa kisha wanashindilia mara moja.

Na kwa kuwa nimetaja Sikonge: nta ninayotumia huku Denver naagiza ya Tabora kila ninapopata mtu anayekuja. Mzigo wa mwisho ulikuwa donge la kilo mbili, la njano iliyokolea, ukilikwangua kwa ukucha linatoa harufu ya moshi na maua ya miombo. Nta ya huku ni safi, imechujwa mpaka imekuwa nyeupe, lakini haina ule ulaini. Niliwahi kuzipima pembeni kwa pembeni. Ya Tabora ilishika risasi bila kumeguka, ile nyeupe ilipasuka vipande vipande kwenye vijifereji vya risasi, vile vinavyobeba mafuta. Siwezi kuapa kwamba shabaha ilibadilika, kondoo wa chuma hajui nta imetoka wapi. Ila naipenda.

---

DevotaM (Arusha)

Samahani kwa swali la kijinga. Kwa nini msitumie girisi ya gari au oili ya injini? Hizo si ndizo zimetengenezwa kulainisha vyuma?

---

FundiMtutu

Dada, si la kijinga, ndilo kosa la kwanza la kila mtu. Mimi mwenyewe nililifanya. Girisi ya gari ikiungua pamoja na masizi ya baruti nyeusi inaacha kitu kama lami. Maji ya moto hayaitoi, sabuni haiitoi, nilikaa jioni nzima na brashi ya shaba. Mafuta ya mimea na ya wanyama yanachanganyika na masizi yakabaki laini, na baadaye unaosha kwa maji ya moto na sabuni ya kawaida, umemaliza. Hiyo ndiyo raha ya baruti nyeusi, uchafu wake ni chumvi, na chumvi inatoka kwa maji.

---

MzingaWaSikonge

Naunga mkono, na nyongeza ndogo kwa haki. Wapo wanaochanganya nta na Vaseline, na inawafanyia kazi. Hata nta ya mishumaa ilikuwamo kwenye baadhi ya risasi za viwandani za zamani pamoja na mafuta ya kondoo. Kwa hiyo si kila kitokanacho na petroli ni sumu. Shida kubwa ni oili na girisi za mashine. Kama unaanza, kaa mbali nazo.

---

BintiShela

Kaka Mzinga, na bastola? Kwenye mafunzo walituambia tupake girisi juu ya kila chumba baada ya kuweka risasi ya duara. Hiyo nayo ni kwa masizi?

---

MzingaWaSikonge

Kwa masizi ndiyo, na kwa usalama pia. Chumba kimoja kikifyatuka, mwali unaweza kuruka ukawasha kingine ambacho hakijajipanga na mtutu. Ni ajali mbaya. Girisi mbele husaidia, lakini kinga ya kweli ni risasi iliyokaza mpaka unaposhindilia inakatwa pete nyembamba ya madini ukingoni. Ukiona pete ile imekatika mviringo mzima, imeziba. Pia fataki za nyuma, zile zinazowasha baruti, zikae barabara, zisilegee, maana moto hupita hata huko.

Girisi laini ya juu huwa inarushwa na mlipuko wa kwanza na kuchafua kila kitu. Siku ya joto inayeyuka na kutiririka kwenye mkono. Jaribuni vijisahani vya sufu vilivyolowekwa kwenye ule mchanganyiko wa nta, mnaviweka kati ya baruti na risasi. Ni visafi zaidi. Msivipakie ndani ya bastola jana kwa kupiga leo, mafuta yataingia kwenye baruti na mlio utakuwa wa kusuasua.

Hilo la mafuta kuingia kwenye baruti liko pia kwenye ganda la shaba. Mimi huweka kadibodi nyembamba juu ya baruti kabla ya risasi. Wengine wanaongeza kachapati kembamba ka mafuta chini ya risasi, kati ya kadibodi mbili, kama ile nta ya Martini aliyoitaja mzee. Inasaidia sana mtutu mrefu. Lakini maganda yako usiyaache kwenye buti ya gari juani. Mafuta ya kondoo huanza kulegea kabla hata ya nyuzi 50, na ndani ya gari lililofungwa kiangazi joto hilo linafika.

---

MwanaKatanga (Calgary, Kanada)

Jambo sana bandugu. Mi natoka Lubumbashi, niko Calgary miaka tisa. Nawinda swala wa huku kwa bunduki ya kushindilia, .50, risasi ya duara na kitambaa. Shida yangu ni kinyume cha zenu. Novemba baridi inafika nyuzi 15 chini ya sifuri. Kile kitambaa nilichopaka mafuta nyumbani, nikifika porini kimekuwa kama kadibodi. Nashindilia mpaka mkono unauma. Na hewa hapa ni kavu sana, masizi yanakauka upesi. Nifanye nini?

---

MzingaWaSikonge

Karibu sana ndugu. Wewe una shida mbili zinazovutana, kavu na baridi, kwa hiyo nta ndiyo adui yako. Ipunguze mpaka iwe kidogo kabisa, au iondoe. Risasi yako imezungukwa na kitambaa, haina vijifereji vinavyohitaji mafuta magumu ya kushikamana, kitambaa ndicho kinachobeba. Jaribu lanolini na mafuta ya nyonyo, yale ambayo hayagandi upesi. Mafuta ya zeituni yataganda kwenye baridi hiyo, yaache nyumbani.

Kisha jaribu kabla ya msimu. Chovya vitambaa vya mchanganyiko tofauti, viweke kwenye friza usiku kucha, asubuhi vikunje kwa vidole. Kinachokunjika bila kuvunjika ndicho unachokwenda nacho. Usitumie vya maji porini, vitaganda, na chaji ikikaa muda mrefu ndani maji yataharibu baruti.

---

Kazimoto_Mpanda

Mkuu, mtu anajuaje kwamba mafuta yanatosha bila kukosa shabaha kwanza? Najifunza tu, gobore nimeshapeleka taarifa, wamesema watakuja Jumatatu.

---

MzingaWaSikonge

Umefanya jambo la maana sana ndugu yangu, hongera.

Angalia mdomo wa mtutu. Baada ya risasi tano bila kupitisha kitu, geuza bunduki iliyo wazi na tupu, uangalie ule uso wa chuma unaozunguka tundu. Mafuta yakitosha utakuta yameruka nje kupitia kwenye mifereji na kuchora nyota, miale myeusi yenye kung'aa kwa mafuta, mmoja kwa kila mfereji. Ukigusa kwa kidole kinabaki na utelezi. Nyota ikiwa kavu, ya kijivu, au haipo, mafuta yameisha njiani. Kisha pitisha kitambaa kikavu na usikilize ile shubiri ya mwisho. Mkono utakuambia kabla karatasi ya shabaha haijakuambia.

Nyota isipotokea usikimbilie kubadilisha mchanganyiko. Angalia kwanza risasi yenyewe ina vijifereji vingapi na vina kina gani. Risasi nyingi zilizobuniwa kwa baruti isiyo na moshi zina kijifereji kimoja chembamba. Hata uzipake asali, hazibebi cha kutosha kwa mtutu wa inchi 32. Mimi nilihangaika na mchanganyiko miezi mingi kabla sijabadilisha kalibu ya kusubia risasi. Risasi niliyo nayo sasa ina vijifereji vitano vipana, na mafuta ni yale yale ya 5, 4, 1.

Na naweni mikono, wakuu. Madini ya risasi ni sumu. Sabuni na maji kabla ya kula, na vyombo vya kusubia na kuyeyushia visirudi jikoni kabisa.

---

FundiMtutu

Hilo la kalibu lingekuwa la kwanza kwenye uzi mkuu. Leo nimekwenda kutazama nyota yangu hapa Houston. Ipo, tena inadondoka. Nimekubali kwamba naweka mafuta kupita kiasi, risasi ya kwanza kila mara inakwenda juu kuliko nyingine. Nitaacha kijifereji cha mbele kitupu nione.

---

MwanaKatanga

Bandugu nimerudi. Vitambaa vitano usiku mzima kwenye friza. Cha nta kilivunjika kama biskuti. Cha zeituni kilikuwa kigumu. Cha lanolini na nyonyo kilikunjika vizuri. Jumamosi nilikwenda uwanjani, nyuzi 14 chini ya sifuri, nikapiga mara nane bila kupangusa. Mdeki ulishuka kwa mkono mmoja mpaka ya saba, ya nane ukawa mzito kidogo. Nimetazama mdomo wa mtutu kama ulivyosema. Miale iko saba, ni myembamba, lakini kidole kimetoka na mafuta.